Nuru Itokayo Katika Seli: Ijue Kabla Hujailipia

Utangulizi

Mkazi wa Zuzu, nje kidogo ya kitovu cha Jiji la Dodoma, hahitaji kufundishwa umeme ni nini. Katika kata yake kipo kituo cha kupozea umeme ambamo hupita njia kuu ya msongo wa kilovolti 400 itokayo Iringa kuelekea Singida na Shinyanga. Hiyo ni nguvu iwezayo kuwasha miji mizima. Mkazi huyo huyo, mvua za kwanza zikishanyesha na giza likishaingia, huweza kumwona kimulimuli akiwaka na kuzima kandokando ya shamba. Hiyo ni nuru ndogo, lakini jicho huiona. Ipo na nuru ya tatu, ambayo hakuna jicho liwezalo kuiona, nayo hutoka katika kiganja chake mwenyewe, katika jani la mzabibu wake, na katika mbegu ya mtama iliyoanza kuchipua.

Somo hili linahusu nuru hiyo ya tatu. Limeingizwa katika kijitabu cha kumlinda mlaji kwa sababu nuru hiyo imekuwa maneno ya biashara. Duniani kote wapo wauzaji wa vibandiko, vikuku, taa na mashine za kupima mwili wanaomwambia mteja kwamba seli zake huzungumza kwa nuru, kwamba ugonjwa ni mazungumzo yaliyovurugika, na kwamba bidhaa yao huyasoma mazungumzo hayo au huyarekebisha. Sehemu ya maneno hayo ni kweli, sehemu bado inachunguzwa, na sehemu haina msingi. Mlaji asiyeweza kuzitenganisha sehemu hizo tatu hulipia zote kwa bei moja.

Baada ya kusoma somo hili, msomaji ataweza kueleza nuru ya seli ni nini, kutaja mambo yanayopasa kuthibitishwa kabla ya nuru kuitwa ujumbe, na kumhoji muuzaji kwa adabu na kwa uthabiti.

1. Nuru nne zisizopaswa kuchanganywa

Mwili na vitu vilivyo hai hutoa au huonyesha nuru kwa njia mbalimbali, na udanganyifu mwingi huanzia pale njia moja inapopewa jina la nyingine.

Njia ya kwanza ni joto. Kila kitu chenye joto hutoa mnururisho usioonekana kwa macho. Kipimajoto kinachoelekezwa kwenye paji la uso, ambacho wengi tulikizoea wakati wa UVIKO-19, husoma mnururisho huo. Jiwe lililoanikwa juani nalo hutoa mnururisho wa namna hiyo. Kwa hiyo hauhusiani na uhai peke yake.

Njia ya pili ni mng'ao wa kuazima. Kitu humulikwa kwa miale ya urujuanimno, nacho hurudisha nuru ya rangi nyingine. Nge akimulikwa kwa taa ya aina hiyo usiku hung'aa kwa rangi ya kijani iliyochanganyika na buluu, na huendelea kung'aa hivyo hata akiwa amekufa. Alama za siri katika noti hung'aa kwa njia hiyo hiyo, na vivyo hivyo shati jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga. Mtu akikumulika mkono kwa taa hiyo na kukuonyesha madoa yanayong'aa, hajakuonyesha nuru ya seli zako. Amekuonyesha nuru ya taa yake iliyorudi.

Njia ya tatu ni cheche za umeme. Mwaka 1939 fundi wa Kisovieti, Semyon Kirlian, aligundua namna ya kupata picha za mkono zenye miali pembezoni kwa kuuweka kwenye bamba lenye umeme wa msongo mkubwa. Picha hizo huuzwa hadi leo kama picha za nguvu ya uhai. Lakini sarafu ya chuma nayo ikiwekwa kwenye bamba hutoa miali, na miali ya kidole hubadilika kwa kadiri ya jasho na unyevu wake.

Njia ya nne ndiyo nuru ya kemia, yaani nuru inayozalishwa ndani ya kiumbe na mabadiliko ya kikemikali ya kiumbe chenyewe. Kimulimuli yumo humu, na nuru hafifu ya seli zote imo humu pia.

2. Kimulimuli: nuru iliyo ujumbe

Katika tumbo la kimulimuli mna kemikali iitwayo lusiferini. Kimeng'enya kiitwacho lusiferasi huiunganisha na oksijeni kwa kutumia ATP, ile molekuli inayobeba nishati katika seli zote zilizo hai. Tokeo lake ni nuru isiyo na joto la kuunguza.

Nuru hiyo ni ujumbe kwa maana kamili ya neno. Dume hupepesa kwa mpangilio wa jamii yake, jike wa jamii hiyo huutambua mpangilio na kujibu, na dume humfuata. Uthibitisho mkubwa kwamba hapa kuna mazungumzo ni kwamba yanaweza kughushiwa. Huko Amerika Kaskazini wapo vimulimuli majike wa jamii ya Photuris ambao huiga majibu ya jamii nyingine; dume akija akidhani ameitwa kwa ajili ya uzazi, huliwa. Tapeli yeyote hufanya kazi palipo na lugha, na kimulimuli anaye tapeli wake.

Hapa tupate kipimo chetu cha kwanza. Nuru huwa ujumbe panapokuwa na mtoaji, mpokeaji mwenye kiungo cha kuipokea, na badiliko la mwenendo linalokoma nuru inapozibwa. Moja likikosekana, nuru ipo lakini ujumbe haujathibitishwa.

Mfano wa ngisi mdogo wa bahari za Hawaii hutukumbusha tahadhari hiyo. Ngisi huyo hufuga bakteria wanaong'aa katika kiungo maalumu mwilini mwake. Bakteria hao hawang'ai wakiwa wachache. Hung'aa wakishakuwa wengi mahali pamoja. Mtazamaji wa haraka angesema wanaambiana kwa nuru. Wachunguzi waligundua kwamba bakteria hutoa kemikali, na kemikali hiyo ikishakolea ndipo wote huwasha. Mazungumzo yao ni ya kemikali. Nuru ni tokeo la mazungumzo, wala siyo mazungumzo yenyewe.

Nuru ya kimulimuli ina faida inayomgusa mlaji moja kwa moja. Kwa kuwa lusiferasi huwaka inapokutana na ATP, viwanda vya maziwa na vya vyakula huitumia kupima usafi. Kijiti chenye pamba hupitishwa juu ya meza au bomba, kisha hutiwa kwenye kifaa kidogo chenye kemikali hizo. Nuru ikiwa kali, mabaki ya chakula au vijidudu vimebaki, na usafi haujakamilika. Hapa nuru ya kemia ya uhai inasomwa kweli kweli. Kifaa kinaeleza kinapima nini, na kinapima ndani ya kichumba kilichofungwa giza.

3. Nuru hafifu ya seli zote

Seli zisizo na lusiferasi nazo hutoa nuru, ila chache mno. Seli inapotumia oksijeni, hasa katika mitokondria, huzaliwa molekuli kali ambazo hushambulia mafuta na protini zilizo karibu. Katika purukushani hiyo baadhi ya molekuli hubaki na nishati ya ziada, na zinapoiachilia, mara chache huiachilia kama fotoni moja, yaani kipande kidogo kabisa cha nuru. Nuru hii huongezeka kiumbe kinapojeruhiwa au kubanwa na mazingira, kwa sababu molekuli hizo kali nazo huongezeka.

Uchache wake unafaa kupigiwa hesabu. Sentimita moja ya mraba ya ngozi hutoa kuanzia fotoni chache hadi kiasi cha mamia kwa sekunde. Tuchukue 100. Ngozi ya mtu mzima ina sentimita za mraba zipatazo 17,000. Kwa hiyo mwili mzima utatoa fotoni kama 1,700,000 kwa sekunde. Nambari hiyo yaonekana kubwa, lakini nuru ya kijani yenye nguvu ya wati moja tu hutoa fotoni zaidi ya bilioni bilioni moja katika sekunde hiyo hiyo. Kurunzi ndogo ya mkononi huishinda nuru ya mwili wako kwa mamia ya mabilioni.

Mimea ina jambo lake la ziada. Mwaka 1951 Bernard Strehler na William Arnold wa Marekani walionyesha kwamba majani mabichi yakitolewa kwenye mwanga na kuwekwa gizani huendelea kutoa nuru hafifu kwa muda, kwa sababu nishati ya jua iliyopokelewa na klorofili hurudi nyuma kidogo. Mzabibu wa Zuzu, jua likishazama, unarudisha senti chache za ile nuru kuu uliyoikopa mchana kutwa.

4. Ilivyogunduliwa, na makosa yaliyofanyika njiani

Mwaka 1923 mtaalamu wa Kirusi, Alexander Gurwitsch, alielekeza ncha ya mzizi wa kitunguu kwenye ubavu wa mzizi mwingine. Aliona kwamba upande ulioelekezewa ulikuwa na seli nyingi zaidi zilizokuwa zikigawanyika. Athari hiyo ilipita kwenye kwatzi, jiwe ang'avu linalopitisha urujuanimno, lakini ilizuiwa na kioo cha kawaida. Alihitimisha kwamba seli huchocheana kwa miale.

Wazo hilo lilienea upesi, na wengi walidai kuipata miale hiyo. Wengine hawakuipata. Mwaka 1937 Alexander Hollaender na Walter Claus wa Marekani walitoa taarifa ya uchunguzi wao mrefu na makini: hawakuona ushahidi wa kutosha wa miale hiyo. Kasoro kubwa ya wakati ule ilikuwa kutegemea kuhesabu seli kwa jicho la mtu ambaye tayari anatamani jibu fulani. Jicho la mwenye kutamani huona anachokitamani.

Ukweli wa nusu ya pili ulikuja kwa vifaa bora. Katikati ya miaka ya 1950 Waitalia L. Colli na U. Facchini, wakitumia kifaa kinachoweza kuhesabu fotoni mojamoja, walionyesha kwamba miche inayochipua hutoa nuru. Kuanzia miaka ya 1970 mwanafizikia wa Ujerumani, Fritz-Albert Popp, aliisambaza habari ya nuru hiyo kwa jina la biofotoni na kutetea kwamba ina mpangilio maalumu na hubeba taarifa. Kuwapo kwa nuru kulikubaliwa. Tafsiri yake ya mpangilio na taarifa imebaki kuwa suala la mabishano.

Mwaka 2009 Masaki Kobayashi na wenzake wa Japani walichapisha picha za nuru ya mwili wa binadamu. Walitumia kamera iliyopoozwa hadi takriban nyuzi 120 chini ya sifuri, ndani ya chumba kisichopenya mwanga hata chembe, na vijana watano walioketi kifua wazi kwa dakika 20 kwa kila picha. Nuru iliyoonekana ilikuwa hafifu mara 1,000 kuliko ile ambayo jicho la mtu linaweza kuihisi. Uso uling'aa kuliko mwili, na nuru ilikuwa kubwa zaidi mnamo saa kumi alasiri.

Msomaji ayashike mambo matatu ya jaribio hilo: giza kamili, ubaridi mkali wa kamera, na dakika 20. Tutayahitaji tutakapofika mnadani.

5. Je, seli huzungumziana kwa nuru hii?

Jibu la uaminifu ni kwamba haijathibitishwa, wala haijafungiwa mlango.

Sababu za kutumaini zipo. Mimea ina vipokeo vya nuru vinavyohisi mwanga mdogo sana. Mwaka 2016 watafiti waliomjumuisha Christoph Simon wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, walionyesha kwa hesabu kwamba utando wa mafuta unaozizunguka nyuzi za neva ungeweza kupitisha nuru kama bomba lipitishavyo maji. Hesabu hiyo inasema jambo linawezekana. Haisemi kwamba linatokea katika ubongo ulio hai.

Sababu za kusita nazo ni nzito. Fotoni ni chache, na tishu za mwili hufyonza nuru kabla haijafika mbali. Mchana, mwanga unaopenya ngozi huzizidi mno fotoni za seli, kama mnong'ono wa mtu mmoja uwanjani wakati timu imefunga goli. Tena, njia za mawasiliano zinazojulikana, yaani homoni, kemikali za neva na mguso wa seli kwa seli, zinaeleza mengi bila kuhitaji nuru. Na majaribio ya kuziba nuru hayajaleta jibu moja linalorudiwa na kila maabara.

Inawezekana basi kwamba nuru hii ni kama moshi wa jikoni. Moshi hutuambia kuna moto, na mwenye ujuzi aweza kujua kama kuni ni mbichi, lakini haukutolewa ili kumwambia jirani jambo. Watafiti wanaoichunguza nuru kwa lengo la kutambua majeraha ya mimea au tishu wanausoma moshi huo. Kazi yao ni halali hata kama seli haziambiani neno lolote kwa nuru.

6. Mfano: mnadani

Tuchukue mfano wa kubuni. Bibi mmoja anaishi na ugonjwa wa kisukari na hutumia vidonge kila siku. Mnadani anakuta meza yenye kompyuta. Kijana aliyevaa koti jeupe anambana kidole kwa kibanio, na dakika moja baadaye anamsomea orodha ya magonjwa, kisha anampa kikuku cha kurekebisha nuru ya seli. Anamwambia vidonge sasa havina haja. Bibi anarudi nyumbani na kumsimulia mjukuu wake anayesoma sekondari.

"Bibi, shikamoo. Pole na jua. Hapo mlipopimiwa palikuwa ndani au nje?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Nje, chini ya turubai. Kwani kuna nini?"

"Nuru ya mwili haionekani mpaka giza totoro, na kamera ya barafu, na dakika ishirini. Yeye ameionaje juani, kwa kibanio, kwa dakika moja?"

"Lakini kibanio kilikuwa na taa nyekundu kidoleni. Niliiona kwa macho yangu."

"Basi taa ni ya kibanio, bibi. Siyo yako."

Mjukuu ameligusa jambo la msingi. Kipo kibanio cha kidole kilicho halali, kinachopima oksijeni katika damu hospitalini. Hicho hupeleka nuru yake chenyewe kupitia kidole na kupima kiasi kilichofyonzwa na damu. Hakisomi nuru ya seli, wala hakidai. Vivyo hivyo taa ya buluu inayotibu manjano ya watoto wachanga hufanya kazi kwa kuibadilisha kemikali iliyo katika ngozi. Kwamba nuru hutumika hospitalini hakumpi kila mwenye taa cheti cha udaktari.

Hasara ya bibi haiko katika bei ya kikuku peke yake. Mgonjwa wa kisukari akiacha dawa, sukari hupanda kimyakimya, na madhara yake huangukia macho, figo na miguu. Fedha hupotea mara moja. Mguu hauwezi kurudishwa.

7. Maswali matano ya kumuuliza muuzaji

Moja: Nuru inayopimwa inatoka wapi, mwilini mwangu au katika kifaa chako?

Mbili: Kama inatoka mwilini, giza liko wapi? Kifaa kinachodai kusoma nuru ya seli mahali penye mwanga wa jua kinadai lisilowezekana.

Tatu: Je, utakubali kunipima mara tatu, mimi na jirani zangu, nyuma ya pazia, bila wewe kujua ni nani? Majibu ya mtu mmoja yakitofautiana kila mara, au kibanio kikitoa orodha ya magonjwa hata kikibanwa kitambaa kibichi, umeshapata jibu lako.

Nne: Kifaa hiki kimetambuliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA)? Nionyeshe nyaraka.

Tano: Unaniambia niache dawa niliyoandikiwa? Jibu likiwa ndiyo, ondoka.

8. Haki na wajibu wa mlaji

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au unaoelekea kupotosha, na Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo yenye jukumu la kumlinda mlaji dhidi ya mwenendo huo. TMDA husimamia usalama, ubora na ufanisi wa dawa na vifaa tiba. Watoa huduma za tiba asili na tiba mbadala husimamiwa na Baraza lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Mwenye kibali cha Baraza hatasita kukionyesha.

Mlaji naye ana wajibu wake. Adai risiti. Atunze kifungashio na tangazo, kwa maana maneno ya mdomo hukanushwa upesi. Aandike tarehe, mahali na ahadi aliyopewa. Alalamike mapema. Na kabla ya kubadili dawa yoyote, amwone mtaalamu katika zahanati, kituo cha afya au hospitali anakotibiwa.

9. Maswali ya kujipima

(a) Eleza kwa nini mng'ao wa nge chini ya taa ya urujuanimno si ushahidi wa nuru ya uhai.

(b) Taja mambo matatu yanayoifanya nuru ya kimulimuli iitwe ujumbe. Ni lipi kati ya hayo halijathibitishwa kwa nuru hafifu ya seli?

(c) Bakteria wa ngisi hung'aa kwa pamoja. Je, wanaambiana kwa nuru? Eleza.

(d) Jirani yako anataka kununua kikuku cha nuru kwa ajili ya mtoto mwenye kifafa. Mwandikie mistari mitano ya ushauri.

Hitimisho

Ni kweli kwamba kiganja cha kila msomaji wa somo hili kinatoa nuru wakati huu anaposoma. Ni jambo la kustaajabisha, nalo halimgharimu mtu senti moja. Anayetaka kukuuzia maajabu hayo na akuthibitishie kwanza kwamba ameyaona. Na kama ameyaona mnadani, saa saba mchana, chini ya turubai, mwache na meza yake.